Kisomo cha Watu Wazima Tanzania: Historia ya Kuvunja Mazoea

Usiku wa kuamkia mwaka 1970, Rais Julius Nyerere alizungumza na wananchi kwa redio na kuutangaza mwaka uliokuwa unaingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alitaja malengo matatu, na mpangilio wake unastahili kutazamwa. Lengo la kwanza lilikuwa kuwatikisa watu waache kuyapokea maisha duni kama kwamba ndiyo majaliwa yao. La pili lilikuwa kujifunza namna ya kuyaboresha maisha hayo, iwe shambani, nyumbani au kazini. La tatu lilikuwa kuielewa siasa ya nchi, yaani ujamaa na kujitegemea. Kusoma na kuandika kulikuwamo ndani ya hayo yote kama nyenzo, lakini hakukuwekwa mbele. Kilichowekwa mbele kilikuwa jambo la moyoni: mtu aamini kwanza kwamba hali yake inaweza kubadilika, na kwamba wa kuibadilisha ni yeye mwenyewe.

Kwa mwalimu aliyekwisha kusimama mbele ya wanafunzi Tabora na Pugu, mpangilio huo haukuwa wa bahati. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962, Tujisahihishe, Nyerere alikuwa amewataka wanachama wa chama chake, TANU, wajichunguze makosa yao wenyewe kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Wazo lilelile sasa lilipelekwa kwa taifa zima, na kwa zaidi ya miaka 10 likawa chanzo cha kazi kubwa kuliko zote zilizopata kufanywa nchini kwa ajili ya fikra za mtu mzima.

Kusoma kwenyewe hakukuwa kugeni. Katika miji ya pwani, kama Kilwa, Bagamoyo, Pangani na Tanga, watu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu kabla ya wakoloni, na mtoto wa chuoni alijifunza herufi hizo kwa kuanzia na Kurani. Bara, misheni zilifungua shule zao katika karne ya 19, na katika miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ikaanzisha ya kwake Tanga ili ipate makarani, makatibu na maakida. Gazeti la Kiongozi lilianza kutoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakaleta Mambo Leo mwaka 1923. Wasomaji wa magazeti hayo walikuwa wachache, tena kila mmoja alikuwa na wasikilizaji wake. Gazeti moja lilisomwa kwa sauti barazani, na kumi au ishirini wakaondoka na habari bila kujua herufi hata moja.

Katika hali hiyo fikra mbili zilijengeka. Moja ilisema kwamba shule ni ya watoto. Methali ya samaki kukunjwa angali mbichi ilitumika kuwapeleka watoto kwa mwalimu, lakini ilitumika pia kumfungia mlango mtu mzima, kwa kuwa yeye ni samaki aliyekwisha kukauka. Fikra ya pili ilisema kwamba kusoma ni njia ya kutoka kijijini, apewe anayetafuta kazi ya ukarani. Mkulima mwenye shamba lake, ng'ombe wake na wajukuu wake hakuona kalamu ingemfanyia nini. Miradi michache ya wakati wa Waingereza ilijaribu kuigusa hali hiyo. Mmojawapo uliojulikana ni ule wa Upare, mwanzoni mwa miaka ya 1950, uliounganisha madarasa ya kusoma na shughuli za maendeleo milimani. Uliwavutia watu, lakini ulibaki mfano wa sehemu moja ya nchi.

Uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961, TANU ilitangaza vita na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Katika miaka ya mwanzo vita hivyo vilipiganwa kwa jembe zaidi kuliko kwa kitabu. Chini ya mwito wa kujenga taifa, watu walijitolea kuchimba visima, kulima barabara na kujenga zahanati na madarasa. Mwaka 1964, akiwasilisha bungeni mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka 5, Nyerere alieleza hoja iliyokuja kurudiwa mara nyingi baadaye: watoto walio darasani leo hawataugeuza uchumi wa nchi mpaka ipite miaka 5, 10 au hata 20, lakini fikra za watu wazima zinagusa maendeleo sasa hivi. Ilikuwa hoja ya hesabu, na uzito wake ulikuwa katika kumtazama mzee wa kijijini kama mtu ambaye taifa linamhitaji kesho asubuhi.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha ukubwa wa kazi. Kwa wastani, watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huohuo lilitoka Azimio la Arusha, la ujamaa na kujitegemea, na mwezi Machi likafuatiwa na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ulioilaumu shule ya kikoloni kwa kumtenga mwanafunzi na jamii yake. Mwaka 1969 elimu ya watu wazima ilihamishiwa Wizara ya Elimu ya Taifa na kupewa maofisa wake kuanzia makao makuu mpaka ngazi za chini. Hatua hiyo ya kiofisi ilikuwa na uzito mkubwa. Kila shule ya msingi ilianza kuhesabiwa pia kama kituo cha elimu ya watu wazima, na mwalimu mkuu akabeba dhamana ya wanafunzi wa marika mawili, wa asubuhi na wa jioni.

Njia ya kufundishia ilipatikana kando ya Ziwa Viktoria. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 chini ya UNESCO ulikuwa umependekeza kisomo kifungamanishwe na kazi ya mtu, na nchi 11 zikachaguliwa kulijaribu wazo hilo. Tanzania ilikuwa mojawapo. Mradi wake ulifanya kazi kuanzia 1968 hadi 1972, makao yake yakiwa Mwanza, na ulihusu mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo sasa ni Kagera. Wenyewe waliuita kisomo chenye manufaa. Badala ya kitabu kimoja cha alfabeti kwa nchi nzima, viliandikwa vitabu kwa kufuata kazi za watu: cha pamba kwa wakulima wa Usukuma, cha migomba kwa watu wa Bukoba, cha uvuvi kwa watu wa ziwani, cha ufugaji kwa wenye ng'ombe, na cha maarifa ya nyumbani, ambacho wanawake wengi walikichagua.

Somo la pamba linaonyesha jinsi njia hiyo ilivyofanya kazi. Mwalimu alianza na picha ya shamba, na wanafunzi wakaijadili bila kufungua daftari: shamba hili limepandwa lini, mbona miche imesongamana, magugu haya yatakula nini cha mkulima? Hapo mwanafunzi alikuwa bingwa, maana alilijua shamba kuliko mwalimu, ambaye mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba juzi. Mazungumzo yalipokolea, neno moja lilitolewa ndani yake na kuandikwa ubaoni. Pamba lilikatwa kuwa pa na mba, kisha pa ikaongezewa ndugu zake: pe, pi, po, pu. Kwa silabi hizo wanafunzi walitunga maneno mengine wenyewe. Kiswahili kilisaidia sana hapa, kwa sababu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, na aliyekwisha kushika silabi anaweza kusoma hata neno asilopata kuliona. Baadaye darasa lilihamia kwenye shamba la mfano, na kilichosomwa kikajaribiwa kwa jembe.

Hesabu ilikuwa na historia yake Usukumani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi. Wakachanga fedha na kuweka wapimaji wao wenyewe, wasimame penye mizani kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi hizo vilikua vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kwa hiyo kisomo kilipofika, hamu ya kujua kilo na bei ilikuwa na umri wa miaka 15 na zaidi. Mkulima hakuhitaji kuhubiriwa kwa nini asome mizani. Tangu zamani alijua kwamba asiyejua tarakimu hulipwa kwa huruma ya anayezijua, na alichokosa ni mtu wa kumfundisha bila kumdharau. Wenye mradi hawakuipanda nia hiyo, waliikuta, na hekima yao ilikuwa kuitambua na kuanzia hapo.

Kilichofanywa Mwanza kwa majaribio kilienezwa kwa kasi ambayo hata waliokiandaa hawakuitarajia. Kwanza ziliteuliwa wilaya 6, zikiwemo Mafia na Ukerewe, ziwe za mbele katika kuufuta ujinga kabla ya mwaka 1971 kwisha. Kisha, mwezi Septemba 1971, Mkutano Mkuu wa TANU uliamua kwamba ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa mwaka 1975. Mwaka 1970 walioandikishwa katika madarasa hawakufika laki 3. Mwaka 1975 walipita milioni 5.

Hakuna nchi maskini iliyoweza kuajiri walimu wa kuwatosha watu hao wote. Mzigo ulibebwa na walimu wa shule za msingi na, kwa wingi zaidi, na walimu wa kujitolea: vijana waliomaliza shule, makarani wa ushirika, mabwana shamba, mashehe, makatekista, wake wa walimu. Waliofundisha kwa kujitolea walipewa ahsante ya shilingi 30 kwa mwezi. Wengi hawakuwa na mafunzo zaidi ya siku chache za semina. Walikuta madarasa yaliyoachwa na watoto mchana, na penye upungufu wa vyumba walikaa chini ya mwembe, kwenye jengo la chama, kanisani au barazani kwa mtu, kwa saa chache za alasiri, siku kadhaa kwa juma, baada ya shamba na kabla ya kupika.

Kizuizi cha kwanza darasani kilikuwa aibu. Mzee aliyezoea kusikilizwa barazani aliketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakigonga ubao, akashikishwa kalamu na kijana wa rika la mjukuu wake. Vidole vilivyozoea mpini vilikuwa vigumu, na kalamu ya risasi ilivunjika. Wengine macho yalikuwa yamepungua nguvu na miwani haikuwepo. Waliokuwa nje walicheka, na watoto walichungulia madirishani kumwona baba au bibi akiimba a, e, i, o, u. Walimu waliofaulu walijifunza mapema kutomwita mtu mzima ubaoni kabla hajawa tayari, kumwita kwa heshima yake, baba fulani au mama fulani, na kumwacha aeleze anachokijua kabla ya kufundishwa asichokijua. Hilo la heshima halikuandikwa kwa wino mkubwa katika miongozo, lakini liliamua darasa lipi lingedumu na lipi lingebaki na daftari la mahudhurio tupu.

Katika madarasa mengi wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Wasichana wa miaka ya nyuma walinyimwa shule zaidi kuliko wavulana, kwa hiyo deni lao lilikuwa kubwa. Kulikuwa na sababu nyingine pia, nayo ni faragha. Mwanamke ambaye mumewe alikuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, au mwanawe alikuwa jeshini, alipokea barua asiyoweza kuifungua peke yake. Alimpelekea mtoto wa shule au karani, na yaliyokuwa siri ya nyumba yakasikika kwa mtu wa tatu kabla hayajamfikia mwenyewe. Jibu nalo lilipitia mkono huohuo. Kwa wengi, barua ya kwanza iliyosomwa kimyakimya, na jibu lililoandikwa bila shahidi, vilikuwa na thamani kuliko cheti. Waliendelea kuja darasani na watoto mgongoni, hata pale waume walipolalamika kwamba chakula kimechelewa.

Sambamba na madarasa, kulikuwa na kampeni za redio, na katika hizi lengo la kuvunja mazoea lilionekana wazi zaidi kwa sababu asiyejua kusoma naye aliweza kushiriki. Zilianza kwa udogo na Kupanga ni Kuchagua mwaka 1969, juu ya mpango wa pili wa maendeleo. Ikafuata Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, kisha Wakati wa Furaha mwaka 1971, kuadhimisha miaka 10 ya uhuru. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa imeanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere na baadaye kuingia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliziandaa pamoja na Radio Tanzania na wizara. Kila kampeni ilitoa funzo kwa iliyofuata, na kubwa kuliko zote ikawa Mtu ni Afya, mwaka 1973.

Mtu ni Afya ilidumu wiki 12. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwa kushushana ngazi: timu za taifa zikawafundisha wa wilaya, wa wilaya wakawafundisha wa tarafa na kata, mpaka ikafika kwa mtu atakayeshika redio kijijini. Washiriki wanakadiriwa kuwa milioni 2. Kila wiki kikundi kilikusanyika penye redio, mara nyingi ya mkulima, na kusikiliza kipindi chenye mazungumzo, nyimbo na mchezo mfupi. Redio ilipozimwa, mmoja aliyejua kusoma alifungua kijitabu na kuyarudia mambo makuu kwa sauti. Kisha yakafuata maswali, ambayo yaliwataka wanakikundi waitazame nyumba yao wenyewe. Hapa kwetu maji tunateka wapi, na ng'ombe wanakunywa wapi? Mwaka jana ni watoto wangapi wametapika na kuharisha, na ilikuwa msimu gani? Nani hapa ana choo, na kina kifuniko?

Mkutano haukufungwa bila uamuzi wa jambo la kufanywa kabla ya wiki ijayo. Kijiji kimoja kiliamua kufyeka majani na kufukia madimbwi ya mbu, kingine kuchemsha maji ya kunywa, kingine kumaliza vyoo vya nyumba zote. Kiongozi aliyewaambia wenzake wachimbe choo huku yeye hana aliulizwa mbele ya watu, na wengi waliona haya wakachimba usiku. Kampeni ilipomalizika, mamia ya maelfu ya vyoo vilikuwa vimechimbwa nchini.

Haukuwa ugunduzi wa dawa mpya. Maofisa wa afya walikuwa wamekwisha kuamuru vyoo vichimbwe tangu enzi za ukoloni, kwa faini na kwa viboko, na vyoo hivyo vilitumiwa kuhifadhia jembe au havikutumiwa kabisa. Kilichobadilika mwaka 1973 kilikuwa mahali pa kuanzia fikra. Homa ya mtoto, ambayo jana ilihesabiwa mkono wa mtu mbaya au majaliwa tu, sasa ilihusishwa na dimbwi lililo hatua ishirini kutoka mlangoni. Dimbwi ni kitu ambacho jembe linakiweza. Mtu aliyekwisha kulifukia dimbwi moja na kuona msimu umepita salama alikuwa tayari kusikiliza habari za kisima. Mwaka 1975 iliendeshwa kampeni ya lishe, Chakula ni Uhai, kwa utaratibu uleule.

Mwezi Agosti 1975 ulifanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Waliofanya waligawanywa katika hatua 4. Aliyefika hatua ya 3 alihesabiwa ameutoka ujinga. Wa hatua ya 4 alitegemewa kukitumia kisomo katika maisha ya kila siku, kwa kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu zake. Baada ya mtihani huo wasiojua kusoma walikadiriwa kuwa asilimia 39 ya watu wazima. Mwaka 1977 wakawa asilimia 27, mwaka 1981 asilimia 21, mwaka 1983 asilimia 15, na mwaka 1986 asilimia 9.6. Hakuna nchi nyingi Afrika zilizoweza kuonyesha ngazi ya namna hiyo.

Nyuma ya takwimu hizo kulikuwa na mvutano ambao historia ya haki haiwezi kuuficha. Lengo lilipowekewa tarehe, baadhi ya viongozi walianza kuifukuza tarehe na kulisahau lengo. Katika sehemu fulani zilitungwa sheria ndogo za kuwatoza faini wasiohudhuria, na cheti au jina kwenye daftari vikawa sharti la kupata huduma. Kipindi hicho ndicho pia watu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu, na madarasa yakaonekana kwa waliohamishwa kama amri nyingine miongoni mwa amri. Mahudhurio yaliyopatikana kwa njia hiyo yalijaza daftari, lakini mara mgambo alipoondoka, mwanafunzi aliondoka naye. Hapo ndipo kauli ya Nyerere ya usiku ule wa Desemba 1969 ilipopimwa: mtu hawezi kuamrishwa kwa faini ajione kuwa ana uwezo. Waliohudhuria kwa hofu walikosa lile la kwanza katika malengo matatu, na bila hilo mengine mawili hayakukaa.

Waliohudhuria kwa hiari walieleza jambo tofauti. Mtafiti Yusuf Kassam wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwahoji wahitimu wachache kwa kina na kuyachapisha maelezo yao mwaka 1979 katika kitabu Illiterate No More. Kinachosikika humo si sifa za vitabu. Ni watu wanaosimulia jinsi walivyoacha kuona haya, walivyoanza kusimama mkutanoni na kusema, walivyoacha kudanganywa penye malipo, na walivyojiona wako sawa na wengine. Aliyekuwa akitia dole gumba kwenye stakabadhi sasa alitia sahihi. Kwa mtu aliyepakwa wino kidole mbele ya karani maisha yake yote, sahihi ilikuwa jina lake likitambulika kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya serikali, na lilikuwa limeandikwa kwa mkono wake.

Wenye mpango walijua kwamba kisomo kisichotumika husahaulika. Zikaanzishwa maktaba za vijijini, nyingine kabati moja tu la vitabu katika ofisi ya kijiji. Kanda ya Ziwa ikapata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, lililoanza mwaka 1974 kwa herufi kubwa na lugha nyepesi. Mwaka 1973 maofisi na viwanda vilitakiwa kuwa na masomo ya wafanyakazi ndani ya saa za kazi. Kuanzia 1975 vilifunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa kufuata mfano ambao Nyerere aliuona Sweden na kwa msaada wa nchi hiyo, vikazidi 50 nchi nzima. Hapo mhitimu wa kisomo alikwenda kujifunza useremala, uashi, ushonaji au kilimo bora, kisha akarudi kijijini kwake. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ilifanywa shirika la umma lenye sheria yake.

Mteremko ulianza polepole. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikomba hazina, bei ya mafuta ilipanda, na katika miaka ya 1980 maduka yalikuwa matupu. Karatasi ilikosekana, gazeti la kijijini likachelewa mwezi, kisha miezi. Shilingi 30 za mwalimu wa kujitolea zilishuka thamani mpaka zikawa hazinunui kitu, na mara nyingi hazikuja kabisa. Vyama vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, havikuwepo kumpa mkulima sababu ya kila msimu ya kuhesabu na kuandika. Baada ya 1986, serikali ilipoingia katika masharti ya kurekebisha uchumi, elimu ya watu wazima ilikuwa kati ya mambo ya kwanza kupunguziwa fedha. Redio zilikosa betri na vikundi vikatawanyika. Watoto wengi walianza tena kuikosa shule na kukua bila kusoma, wakaongeza idadi ya watu wazima wasiojua. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wanaojua kusoma na kuandika walikuwa karibu 7 katika kila watu wazima 10, mbali na ile asilimia 90 ya mwaka 1986.

Mpango uliofuata ulijaribu kujifunza kutokana na historia hiyo. Katika miaka ya 1990 ulijaribiwa utaratibu uitwao MUKEJA, yaani Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii, kisha ukaenezwa nchini. Katika MUKEJA wanafunzi huanza kwa kukaa na kutaja shida zao, wakachagua wenyewe kazi ya kufanya pamoja, kama kufuga kuku, kulima bustani au kuweka akiba, na masomo yakatungwa kutokana na kazi hiyo. Kitabu kimoja cha taifa hakipo. Kwa watoto na vijana walioikosa shule ulianzishwa mpango wa MEMKWA. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima imeendelea kutoa masomo ya sekondari kwa njia ya masafa, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vingali vinafundisha ufundi. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta kwamba wanaojua kusoma na kuandika wamefika kiasi cha asilimia 78 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea. Kundi kubwa zaidi miongoni mwa waliobaki nyuma lilikuwa wanawake wa vijijini.